Watatu katika mia

Kuna hesabu niliyofundishwa nikaishika kama dua: mililita 20 kwa kila kilo ya mtoto, zikimbizwe mwilini ndani ya saa moja, na hali isipobadilika, 20 nyingine. Mtoto akiletwa wodini ana homa kali, anahema kwa shida, mikono na miguu ni ya baridi, ukimminya ukucha weupe unakawia kuondoka, basi huyo yuko kwenye shoki, yaani damu haimzunguki mwilini vya kutosha. Na shoki, tuliambiwa, dawa yake ni maji. Sisi manesi tuliyaita bolasi. Mtoto wa kilo kumi anapata mililita 200, hata nusu ya chupa ya dripu haifiki. Ni kazi ya mkono mwepesi na mshipa mmoja mzuri.

Miaka ile, kabla ya 2011, nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali moja ya wilaya mkoani Tanga. Usiku mmoja wa masika, yapata saa saba, mama aliingia na mwanawe wa miaka miwili mgongoni. Alikuwa na malaria, viganja vyeupe kama karatasi, vidole vimepoa. Benki ya damu haikuwa na chupa ya kundi lake, na mjomba wa mtoto alikuwa njiani kuja kutoa. Nikapata mshipa kichwani, nikampa bolasi. Saa moja haijaisha, mikono ikaanza kupata moto. Mtoto akafumbua macho, akamtafuta mama yake. Mama akanishika bega, akasema, "Ahsante dada, umenirudishia." Nikaandika kwenye faili: ameitikia vizuri.

Alfajiri, mjomba akiwa maabara anapimwa damu, moyo wa yule mtoto ukachoka. Tukajaribu yote tuliyoyajua. Nikaandika tena: malaria kali, upungufu mkubwa wa damu. Kilichomuua nilikijua, au nilidhani nakijua. Maji hayakunijia akilini hata mara moja. Yangenijiaje, na mimi mwenyewe nilishaona kwa macho yangu yakimfumbua macho?

Nimeanza na usiku ule kwa sababu nataka kuzungumzia utafiti unaoitwa FEAST, na siwezi kuuzungumzia kama mtu aliyekaa pembeni.

Utafiti huo ulifanyika kati ya Januari 2009 na Januari 2011 katika hospitali sita: Kilifi kwa upande wa Kenya, Muheza kwa Tanzania, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Aliyeuongoza ni Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, akiwa na wenzake kama Sarah Kiguli wa Makerere na George Mtove wa Muheza. Swali lao lilikuwa hilihili la bolasi. Katika nchi tajiri, kumjaza maji mtoto mwenye shoki kulikuwa ni jambo lisilojadiliwa tena. Huku kwetu watoto wengi walikuwa hawayapati kwa kiwango hicho, na tumaini lilikuwa kwamba tukiwapa kama wapewavyo wenzao wa Ulaya na Marekani, tutaokoa maisha mengi kwa gharama ndogo.

Ila msingi wa desturi hiyo ulikuwa mwembamba kuliko wengi wetu tulivyodhani. Moja ya nguzo zake kubwa ni utafiti wa mwaka 1991 kutoka Washington, wa watoto 34 tu. Waliopewa maji mengi zaidi katika saa ya kwanza walikuwa tisa, na wanane wakapona. Hakuna aliyewapangia kwa kura nani apewe mengi na nani machache. Watafiti waliangalia tu kilichotokea. Mtoto aliyepewa maji mengi huenda alifika kwa daktari hodari zaidi, au alikuwa na nguvu za kuyahimili. Watoto 34, kisha kitabu, kisha semina, kisha mkono wangu usiku wa masika.

FEAST walipiga kura. Mtoto akishatimiza masharti, inafunguliwa bahasha iliyofungwa, isiyoonyesha kilichomo, nayo ndiyo inayosema apewe nini: bolasi ya salaini, yaani maji ya chumvi, bolasi ya albumini, yaani maji yenye protini ya damu, au asipewe bolasi kabisa bali maji ya kawaida ya kumtunza, taratibu. Mengine yote wapewe sawasawa: dawa ya malaria, antibaotiki, oksijeni, sukari, damu kwa wanaohitaji. Wapo wanaochukizwa na neno kura likitajwa karibu na mtoto mgonjwa, nami nawaelewa. Lakini muuguzi akiachiwa achague, atampa bolasi yule anayemwona yuko hoi zaidi, na mwisho hutajua kama aliyekufa kauawa na maji au na ule uhoi wake. Bahasha haina huruma wala upendeleo, ndiyo maana inaweza kutuambia jambo ambalo huruma yetu inatuficha.

Walikusudia kuandikisha watoto 3,600. Walipofika 3,141, kamati huru iliyokuwa ikizichungulia takwimu ikashauri waache. Katika saa 48 za mwanzo, kati ya watoto 1,050 waliopewa bolasi ya albumini walikufa 111. Kati ya 1,047 wa bolasi ya salaini walikufa 110. Kati ya 1,044 ambao hawakupewa bolasi yoyote, walikufa 76.

Soma tena, polepole. Ni 10.6 katika kila mia, 10.5 katika kila mia, na 7.3 katika kila mia. Matokeo yalichapishwa Mei 2011, nami niliyapata mwaka huohuo kutoka kwa daktari mmoja kijana aliyeyachapa na kuyabandika kwenye ubao wa chumba cha manesi. Wengine walipita. Mimi nilisimama pale mpaka mwenzangu akanikumbusha kuwa dawa za saa nne hazijatolewa.

Magazeti yangeweza kuandika kuwa bolasi huongeza hatari ya kifo kwa asilimia 45, na wasingekuwa wamedanganya, maana 10.6 ukiilinganisha na 7.3 ndivyo inavyotoka. Yangeweza pia kuandika kuwa tofauti ni asilimia 3, na hapo nako wasingedanganya. Mimi nimejifunza kudai hesabu ya pili kila ninapoletewa ya kwanza. Katika watoto mia waliopewa bolasi, watatu zaidi walikufa. Yaani katika kila thelathini, mmoja.

Sasa niambie, ni muuguzi gani anaweza kumwona huyo mmoja? Watoto mia wenye hali ile sikuwapata kwa mwezi. Na hata ningewapata, wakifa kumi mwezi huu na saba mwezi ujao, ningesema mvua zimepungua, au damu imepatikana, au Mungu amesikia. Jicho la wodini halioni watatu katika mia. Nimewahi kusikia madaktari wa miaka thelathini kazini wakisema, "Mimi uzoefu wangu unaniambia." Nauheshimu uzoefu, nimeishi nao. Ila kuna mambo ambayo uzoefu hauwezi kuyaona hata ukiishi nayo maisha yako yote, na hili ni mojawapo.

Kilichonikaa rohoni zaidi ni jambo lililochapishwa baadaye, 2013, timu ileile ilipochambua vifo kimoja kimoja. Saa moja baada ya kuanza, dalili za shoki zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya waliopewa bolasi, na kwa asilimia 32 tu ya wasiopewa. Kwa hiyo bolasi ilifanya hasa kile nilichokiona. Mikono ilipata moto. Ukucha ulirudi wekundu. Macho yalifumbuka. Kisha watoto hao, kwa ujumla wao, wakafa kwa wingi zaidi.

Hiyo saa moja ndiyo iliyotudanganya sote. Tulipima kitu kilichokuwa karibu na mkono, tukakipa heshima ya kile tulichokitaka. Mama hakumleta mwanawe ili vidole vipate moto. Alimleta arudi naye nyumbani.

Na bado siwezi kusema kwamba bolasi yangu ndiyo iliyomuua yule mtoto. Nimeligeuza jambo hili kwa miaka. Katika watoto mia waliopewa, kumi walikufa, na saba kati ya hao wangekufa hata bila maji. Hakuna njia ya kuwatenga watatu kutoka kwa saba. Utafiti huzungumza juu ya mia; juu ya mmoja hunyamaza. Ukimya huo niliuona ni adhabu. Siku hizi nauona ni ukweli tu, ingawa haujawa mwepesi.

Wapingaji walikuja mapema, nao hawakuwa watu wa mchezo. Wa kwanza walisema hospitali hizi hazina wodi za wagonjwa mahututi wala mashine za kupumulia, kwa hiyo maji yaliyojaa mapafuni hayakuweza kushughulikiwa. Hoja nzito kwa mtu wa London. Kwetu inageuka kuwa hoja ya kuunga mkono: mwongozo uliokuwa ukitufikia uliandikwa kwa ajili ya hospitali kama hizi hasa, zisizo na mashine. Tena ule uchambuzi wa 2013 ulionyesha kuwa vifo vya ziada havikutokana hasa na maji kujaa mapafuni au ubongo kuvimba kama wengi, mimi nikiwamo, tulivyokisia. Vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kuporomoka. Nakumbuka nilivyokuwa najifariji kwamba ningesikiliza mapafu kwa makini ningewahi. Nisingewahi.

Wengine walisema wengi wa watoto hao walikuwa na malaria, asilimia 57, na kiasi cha theluthi moja walikuwa na damu ya chini sana, chini ya gramu 5 za hemoglobini kwa desilita, kwa hiyo tusiyapeleke matokeo kwa watoto wa aina nyingine. Tahadhari hii naikubali kwa upande mmoja. Ila watafiti walipowagawa watoto kwa vigezo hivyo, wenye malaria na wasio nayo, wenye damu pungufu na wasio nayo, hawakupata kundi hata moja ambalo bolasi ililisaidia.

Hoja iliyonipa shida zaidi ni ya maana ya shoki yenyewe. FEAST walimhesabu mtoto akiwa na dalili moja tu ya mzunguko dhaifu, wakati Shirika la Afya Duniani linadai dalili zote kwa pamoja. Je, hawakuwapa maji watoto ambao hawakuwa na shoki ya kweli? Waliporudi kuwatafuta wale waliotimiza masharti makali, waliwapata 65 tu. Kati ya 50 waliopewa bolasi walikufa 24. Kati ya 15 wasiopewa, 3. Kwa juujuu inaonekana kama pigo la mwisho kwa wapingaji, na nimesikia ikinukuliwa hivyo. Mimi sithubutu. Watoto kumi na watano ni wachache mno. Wangekufa wengine watatu kwa bahati mbaya, picha ingekuwa tofauti kabisa. Siwezi kuwalaumu waliojenga juu ya watoto 34 halafu mimi nijenge juu ya 65 kwa sababu tu wanakubaliana nami. Ninachoweza kusema ni kwamba namba hizo hazitoi tumaini kwamba wagonjwa zaidi ndio wanaofaidika.

Mwaka 2017 ukaja utafiti mwingine kutoka Lusaka, wa watu wazima safari hii, katika Hospitali ya Chuo Kikuu. Wagonjwa 209 wenye maambukizi makali na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI. Waliopewa maji mengi kwa haraka, pamoja na dawa za kupandisha presha na damu kwa utaratibu maalumu, walikufa asilimia 48. Waliotibiwa kwa kawaida, asilimia 33. Wagonjwa wengine, nchi nyingine, upepo uleule.

Niseme hili kwa sauti kabla sijaendelea, maana mzazi anaweza kusoma haya akamzuia nesi kesho: watoto wenye kuharisha na kutapika hawakuingizwa katika FEAST, wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto aliyekauka kwa kuharisha anahitaji maji, na maji humwokoa. Dripu si adui. Linalozungumzwa ni kumjaza maji kwa kasi mtoto mwenye homa kali ambaye maji hayakumtoka.

Kuna jambo la ridhaa pia. Mtoto yuko hoi, dakika zinakwenda, huwezi kumkalisha mama usiku wa manane ukamsomea kurasa. Katika FEAST, kwa dharura, mzazi aliombwa kukubali kwa mdomo kwanza, na karatasi ikafuata baadaye mtoto akitulia. Wapo waliolilaani hilo, na mimi halijanikaa vizuri hadi leo. Mama aliyechanganyikiwa hukubali chochote anachoambiwa na mwenye koti jeupe. Lakini najiuliza, mimi yule mama nilimwomba ridhaa gani? Nilimpa mwanawe bolasi bila kumuuliza, kwa sababu ilikuwa "tiba". Lilikuwa ni jaribio nalo, ila halikuandikwa popote, halikuhesabiwa na yeyote, na hakuna kamati iliyokaa ikasema basi, inatosha.

Baada ya Mei 2011 nilitegemea kitabu kibadilike. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa toleo la pili la kitabu cha mfukoni cha tiba ya watoto hospitalini, na bolasi ikabaki humo. Mwongozo mpya wa kupunguza maji ulitoka 2016. Miaka mitano. Najua kwa nini watu husita: utafiti mmoja unaweza kukosea, na kitabu kisiyumbe kila upepo ukivuma. Ni kanuni nzuri, hata mimi huwaambia vijana wasikimbilie. Lakini hapa mizani haikuwa sawa. Utafiti wa watoto 3,141 ulidaiwa uthibitisho ambao desturi ya zamani haikuwahi kudaiwa. Ya zamani ilikaa kitini kwa sababu ilikuta kiti kitupu. Hilo linaniuma, kwa sababu katika miaka hiyo mitano kulikuwa na manesi wengi kama mimi, wenye mikono myepesi.

Ndiyo maana siku hizi nikiletewa utafiti mpya nasumbua watu. Mwaka 2025 mpwa wangu, yuko Mombasa, alinitumia ujumbe uliokuwa ukizunguka kwenye simu: dawa ya minyoo yapunguza malaria kwa asilimia 26, utafiti wa Kwale. "Shangazi, hii si ile aivamektini? Duka la mifugo wanayo, ya sindano za ng'ombe. Ninunue ya nyumba nzima?"

Utafiti ni wa kweli, na ni mzuri. Maeneo 84 ya Kwale yaligawanywa kwa kura. Upande mmoja watu walipewa aivamektini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, upande wa pili albendazoli, dawa nyingine ya minyoo isiyoua mbu. Mbu akimuuma aliyemeza aivamektini, anakufa. Hapo pekee pangemjibu mpwa wangu: dawa inafanya kazi kwa mbu aliyekwisha kuuma, kwa hiyo faida ni ya kijiji kizima kikimeza pamoja. Anayemeza peke yake nyumbani kwake haongezewi kinga yoyote, na dawa ya sindano ya ng'ombe ni hatari kwake. Nikamwandikia hivyo kwanza, kabla ya hesabu.

Kisha hesabu. Watoto wa upande wa aivamektini walipata maambukizi mara 2.20 kwa mwaka kwa kila mtoto, wa upande wa pili 2.66. Ukigawa kwa penseli utapata upungufu wa kama asilimia 17. Ile 26 imetoka baada ya kurekebisha tofauti zilizokuwapo kati ya maeneo. Hilo ni halali, lakini msomaji ana haki ya kuziona zote mbili. Na watafiti wenyewe wameandika kuwa kinga ya kweli inaweza kuwa popote kati ya asilimia 5 na 42. Kijiji kinachokingwa kwa 5 na kinachokingwa kwa 42 si kijiji kimoja.

Tena walichopima ni maambukizi, si vifo. Nalisema bila kuwashusha. Kuhesabu vifo kunataka watu wengi mno na miaka mingi. Chanjo ya kwanza ya malaria ilipitia njia hiyo ndefu. Majaribio yake yalipokwisha mwaka 2014, yaliacha maswali ya kutisha: homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na vifo vya wasichana navyo vilizua shaka. Ikaamuliwa ianze taratibu, Ghana, Kenya na Malawi, kuanzia 2019, huku vifo vikihesabiwa. Shaka zile hazikuthibitika, na vifo vya watoto waliofikia umri wa chanjo vilipungua kwa asilimia 13. Kwa macho ya gazeti 13 ni ndogo kuliko 26. Kwangu mimi ni kubwa mno, kwa sababu najua kilichohesabiwa.

Mpwa wangu alikaa kimya jioni nzima. Usiku akaandika tena, "Hao waliopimwa Kwale walikuwa na umri gani?"

Nikamwambia kipimo kikuu kilichukuliwa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15.

"Na wadogo zaidi? Si ndio wanaokufa?"

Ndio hao, nikamjibu. Hao bado.